Ndege Huyu Anakula Nini?

Aliyeuliza alikuwa msichana wa shule ya msingi, mmoja wa kundi la wanafunzi walioletwa na mwalimu wao kutembelea mabanda ya wachoraji huku kwetu Msasani. Wenzake walikuwa wamejazana mbele ya picha za simba na twiga, wakichekeana na kusukumana, lakini yeye alisimama peke yake mbele ya kibao changu chenye ndege wawili juu ya mbuyu, akakikagua kuanzia juu hadi chini. Kisha akaniamkia, nikaitikia, akauliza: "Anti, ndege huyu anakula nini?"

Nilimwambia anakula matunda.

Akautazama tena mdomo, akaitazama miguu, akasema kwa adabu ileile kwamba bibi yake anafuga kanga, na kwamba kanga wana madoa kama hayo, ila miguu yao si mirefu hivyo. Mwalimu akamwita kabla sijapata la kuongeza, nao wakaenda kupanda basi.

Wiki zilizofuata niliendelea na kazi, kwa kuwa maagizo yalikuwapo na kodi ya nyumba haisubiri. Hata hivyo, kila niliposhika brashi nilikuta swali lile limekwisha kunitangulia. Ndege wangu alikuwa na mdomo wa hondohondo, shingo ya korongo, mkia wa tausi na madoa ya kanga, na ingawa nimemchora kwa miaka mingi kiasi kwamba mkono unaweza kumkamilisha huku nikizungumza na mteja, sikuwahi kufikiri kwamba ana tumbo.

## Ndege tuliorithi

Sina haja ya kueleza Tingatinga ni nini, wala jinsi jina la mtu lilivyogeuka kuwa jina la namna ya kuchora. Jambo ambalo limekuwa likinirudia ni ufupi wa muda wake. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ni miaka kama minne tu. Katika miaka hiyo alichora wanyama na ndege kwa rangi ya kung'aa, ile inayopakwa baiskeli, juu ya vibao vya mraba, mara nyingi mnyama mmoja tu katika uwanja wa rangi moja, akawafundisha ndugu na jamaa wachache waliokaa karibu naye. Yote yaliyofuata, hadi ushirika ulioandikishwa mwaka 1990, hadi mabanda yetu ya leo, yametoka kwenye mikono iliyojifunza kwa kutazama mikono mingine.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza mimi pia. Fundi wangu alinipa kibao chake, akaniambia nikitoe kama kilivyo, na nilipokitoa akanipa kingine. Sioni aibu kwa njia hiyo, na huwa naudhika watu wanapoiita kunakili tu, kana kwamba msuka mikeka au mchonga milango ya Zanzibar aliwahi kuanza kwa kubuni. Anayefundishwa hivyo hupata uhakika wa mstari ambao darasa la sanaa huchukua miaka kuutoa, kama linautoa.

Lakini kuna kitu kinachopotea njiani, na nilikiona nilipovipanga sakafuni vibao vya rika mbalimbali, kimoja kando ya kingine. Mdomo haupotei, kwa sababu mnunuzi anaupenda. Mkia haupotei, unazidi kurefuka. Macho yanakua. Kinachopotea ni miguu. Katika vibao vya zamani vilivyopita mikononi mwangu, ndege amesimama juu ya kitu, na uzito wake umelala upande mmoja. Katika vyetu vya sasa miguu ni mistari miwili inayoishia kwenye uma wa meno matatu, na uma huo haujashika tawi. Umeegemezwa tu juu yake.

Kwa hiyo msichana yule, alipotoka kwenye mdomo na kwenda kwenye miguu, alikuwa anafuata njia iliyonyooka. Mdomo hueleza chakula ni kipi, na miguu hueleza ndege hukifikiaje.

## Wageni wawili kutoka India

Nilipoamua kwenda kuwatazama ndege wenyewe, nilikutana na tatizo la mahali pa kuanzia, kwa sababu Dar es Salaam ina ndege mmoja anayeonekana kuliko wote, na ndege huyo si wa hapa. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye wengi wetu tumezaliwa tukamkuta, asili yake ni India na nchi za jirani yake. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, akazaliana, akaenea bara, na leo amejaa katika miji ya pwani. Taka anazila kweli, lakini anakula pia mayai na makinda ya ndege wadogo, na anapozidi yeye, wao hupungua. Jiji letu limewahi kumpiga vita kwa mitego na kwa sumu, na Kenya ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Ukipita Kivukoni jioni utajionea mwenyewe nani anaelekea kushinda.

Mgeni wa pili ni tausi, naye ni wa India vilevile. Tunajua kwamba wapo Ikulu, na mwaka 2020 Rais Magufuli alipowagawia marais wastaafu tausi, habari hiyo ilizungumzwa hadi kwenye daladala. Lakini hakuna msitu wa Tanzania ambao ni makazi ya asili ya ndege huyu. Msitu wa Kongo una tausi wake, ambaye wanasayansi walikuja kumtambua mwaka 1936, ila huyo hana mkia mrefu wa kutandaza, na sijapata kumwona kwenye kibao cha mtu yeyote.

Basi hali yetu ndiyo hiyo: mgeni mmoja yuko juu ya kila paa na hakuna anayemchora, na mwingine hayupo porini kabisa, naye yuko kwenye kila banda.

Katikati yao wamo wenyeji. Shore anayeanza kuimba alfajiri juu ya waya wa umeme, tetere, mnana, chozi, keremkerem, dudumizi wa vichaka vya mabondeni. Nimeishi nao tangu utoto, na nilipojaribu kumchora shore kwa kumkumbuka nilijua tu kwamba ana kishungi cheusi na kwamba kuna manjano mahali fulani. Ilinibidi nimtazame ndipo nikajua kwamba manjano hayo yako chini ya mkia, mahali ambapo hakuna mchoraji angeyaweka kwa hiari yake.

## Pete ya mnana

Nilianza na minana kwa sababu hawana aibu. Karibu na ninapoishi kuna bonde lenye matete na mnazi ambao ndege hao wameuchanachana majani hadi yamebaki makuti ya uti mtupu, na wakati wa mvua wanakuwapo kwa wingi, wakipiga kelele tangu kunapopambazuka. Niliketi na daftari. Kwa muda mrefu sikuchora kitu cha maana, kwa kuwa ndege hatulii. Kila nilipomaliza kichwa, kiwiliwili kilikuwa kimekwisha kugeukia upande mwingine.

Nikakimbilia simu. Nilipiga picha nyingi, nikazichambua usiku, nikazichora mezani kwa utulivu, na nilichokipata kilikuwa sahihi na kibaya. Kamera ilikuwa imekata bawa katikati ya mwendo, katika umbo ambalo jicho halilioni kamwe, na ndege wangu wakaonekana wamekufa ganzi hewani. Hapo ndipo iliponijia shaka kubwa ya kwanza: ikiwa kutazama kunanipeleka kwenye usahihi wa namna hii, basi afadhali nirudi kwa ndege wangu wa mbuyu, ambaye hata kama hana tumbo, mstari wake una uhai.

Kilichonirudisha bondeni ni kiota.

Dume la mnana huanza kwa kufunga majani mabichi kwenye kijiti hadi apate pete. Pete ikishakamilika, husimama ndani yake, miguu ikiwa imeshika ukingo wa chini, na kuanzia hapo hafanyii kazi mahali pengine. Hunyoosha mdomo mbele, huchomeka unyasi, huuvuta, huuzungusha, hunyoosha tena. Chumba cha mayai hukua mbele yake hadi pale mdomo unapokoma kufika, kisha hujipinda kinyumenyume na kusuka upande wa mlango. Hana mahali pa kwenda kupimia. Ukubwa wa kiota ni ndege mwenyewe, kuanzia nyayo hadi ncha ya mdomo.

Niliiweka kalamu chini, nikamtazama asubuhi nzima.

Kwa mtu wa kazi yetu jambo hilo halikuwa geni. Mkunjo wa mkia wa tausi katika vibao vyetu una upana wake kwa kila fundi, na upana huo hautoki kwa tausi. Unatoka kwenye kifundo cha mkono kilichotulia juu ya kibao, kikizunguka hadi mwisho wa uwezo wake. Fundi mwenye mkono mrefu hutandaza mikia mipana, na unaweza kumtambua kwa hilo kabla hujasoma jina lake pembeni. Tulikuwa tunapima kwa miili yetu, kama mnana anavyopima kwa mwili wake, na sikuwahi kusikia mtu akilisema hilo kwa sauti.

Tangu siku hiyo niliacha kuchora sura ya mnana, nikaanza kuchora anachokifanya. Nilikuwa nakaa, natazama bila kuandika, nafunga daftari, natembea hadi nyumbani, kisha nachora kile kilichobaki kichwani. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na karibu chote kilikuwa habari ya uzito: umeelekea upande gani, ni mguu upi unaoubeba, tawi limeinama kiasi gani. Rangi za manyoya nilizisahau mara nyingi, na sikujali, kwa sababu rangi naweza kuzirudia kuziangalia kesho yake, lakini mwinamo wa tawi ukiukosa umeukosa.

Jike huja kukagua. Dume huning'inia chini ya kiota, kichwa chini, akipepesa mabawa na kupiga kelele nyingi kuliko inavyohitajika. Jike huingia, huvutavuta nyasi kwa mdomo, na akikataa huondoka zake. Kiota kisichopata jike hunyauka, kijani huwa kahawia, na dume mwenyewe hukibomoa na kusuka kingine. Wapo watakaotaka kuligeuza jambo hili kuwa fundisho kwa wasanii na wateja wao. Mimi lilinigusa kwa sababu nyingine: anabomoa kwa bidii ileile aliyojengea, na mwili wake katika kubomoa una mkao tofauti kabisa, mabega juu, miguu imekaza, shingo inarudi nyuma kwa mikupuo. Nimechora vibao vingi zaidi vya ubomoaji kuliko vya ujenzi.

## Mzee na ulimbo

Kuna mzee mmoja kwenye mabanda yetu ambaye siku hizi hachori sana kwa sababu ya macho. Alikuja kutoka kusini akiwa kijana. Nilimpelekea daftari langu, nikiwa na matumaini ya kusifiwa, nalisema wazi. Alilisogeza karibu na uso, akapitisha kidole kwenye miguu ya mnana, akasema: "Huyu umemwona, mwanangu. Ila hujamshika."

Kisha akanieleza habari za ulimbo. Walivyokuwa wakigema utomvu mtini, wakauandaa hadi ukawa mzito wa kunata, wakaupaka kwenye vijiti karibu na maji ambako ndege huja kunywa, wakajificha. Ndege akishanasa, unamnasua kidole kimoja baada ya kingine, kwa sababu ukimvuta kwa pupa utamrarua. Ndiyo maana miguu aliijua. Alijua kwamba kigogota ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, na kwamba njiwa ana vitatu mbele na kimoja nyuma, miaka mingi kabla hajashika brashi, na aliyajua hayo kwa vidole vyake mwenyewe, akiwa na njaa.

Maneno hayo yalinivuruga kuliko swali la msichana.

Nilikuwa nimejijengea fikra kwamba kumtazama ndege ni tendo la upole, na kwamba upole huo ndio utakaoingia kwenye kibao. Kumbe ujuzi mwingi wa ndege uliotutangulia ulipatikana kwa kuua. John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege wa Marekani katika karne ya 19, aliwapiga risasi ndege wake, akawasimamisha kwa nyaya ili awachore wakiwa na mkao wa walio hai. Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na kufundisha sanaa Makerere, aliwachora wanyama wa Afrika Mashariki hadi chini ya ngozi, kwenye misuli na mifupa. Watoto wenye manati wa mtaani kwetu wanajua kifua cha tetere kina uzito gani mkononi, mimi sijui. Je, jicho peke yake linatosha?

Sikushika manati, wala sisemi ulimbo urudi. Ndege wa mjini wana kunguru wa kuwatosha. Nilimwomba mzee anionyeshe kwa mkono. Akanishika kifundo cha mkono kwa namna tatu. Kwanza kama tetere: vidole vimetandazwa, vimelala, karibu havishiki. Kisha kama kigogota: viwili huku, viwili huku, kucha zimezama. Mwisho kama kuzumburu, yule ndege mdogo wa kahawia mwenye mkia mrefu anayening'inia kwenye tawi badala ya kulikalia, na hapo mkono wote wa mzee ukawa unavuta kuelekea chini.

Nilikwenda moja kwa moja kuchora, kabla ngozi haijasahau.

## Weusi wa chozi

Ugumu ulioniandama baada ya hapo ulikuwa wa rangi, na ulitokana na chozi. Dume la chozi akiwa kivulini ni mweusi. Akigeuza kichwa kidogo tu, kijani kinawaka kooni na kichwani. Akigeuza tena, kimekwisha. Sababu yake ni kwamba hakuna rangi ya kijani ndani ya unyoya huo. Unyoya umeundwa kwa matabaka membamba sana yanayoirudisha nuru, na pembe ikibadilika, kinachoifikia macho hubadilika. Kulukulu, yule ndege wa misitu kama Jozani na Usambara ambaye mabawa yake huonekana mekundu akiruka, ni kinyume chake kabisa: wekundu wake ni rangi halisi, yenye madini ya shaba ndani yake, na hubaki wekundu upande wowote utakaomtazamia.

Kulukulu basi anachoreka kwa kopo la rangi. Chozi hachoreki.

Rangi yetu ya baiskeli inang'aa, lakini inang'aa yote kwa pamoja. Nilimpaka chozi kijani akawa kasuku. Nilichanganya kijani na rangi ya fedha akawa pambo la sikukuu. Kilichofanya kazi ni kuanza na weusi, mwili mzima, uso wa kibao ukiwa na shimo jeusi lenye umbo la ndege, kisha kuweka kijani kwa nukta ndogondogo pale tu nuru inapopiga, na kuziacha zififie kuelekea kivulini. Ukisogea mbele ya kibao, weusi unachukua nafasi na nukta zinabaki zikicheza.

Nukta ni zetu. Tumezirithi, kila mmoja wetu anazipiga kwa ncha ya kijiti au brashi chakavu, na nilikuwa nimeshaanza kuziona kama pambo la kuwapendeza wageni, kazi ya kumalizia aliyopewa mwanafunzi wakati fundi anakunywa chai. Sidai kwamba zilianzia kwa chozi. Ninachosema ni kwamba nilitoka kwenye mila kwenda kumtazama ndege, na ndege akanirudisha kwenye kitu cha mila nilichokuwa nacho mkononi siku zote, ila sasa nilijua kina kazi gani. Hapo shaka yangu ya bondeni, ile ya kwamba kutazama kutaniondolea mstari wangu, ilipungua sana.

Haikuisha. Fundi mmoja ninayemheshimu amesema chozi wangu ni mzuri lakini si Tingatinga, na sijui nimjibu nini zaidi ya kumwonyesha nukta.

## Wanunuzi

Watalii wanataka simba, mlima, Wamasai, na katika ndege wanataka tausi na heroe. Hilo halijabadilika na silitarajii libadilike, na anayeniambia niache kuchora tausi ajiandae kunilipia pango.

Lakini vibao vya wenyeji vimeleta aina ya mnunuzi ambaye zamani alikuwa anapita tu. Mama mmoja alisimama mbele ya shore, akacheka kwa nguvu, akasema: "Huyu ndiye mwizi wa mapapai yangu!" Akakinunua kibao na kukipeleka Tanga. Mwingine alimtambua tetere kwa sababu ya usumbufu wa kiota juu ya dirisha lake. Nimegundua kwamba watu wa kwetu wanawatambua ndege hao kwa ugomvi: huyu anakula papai, huyu anachafua baraza, huyu anaamsha watoto. Hakuna aliyewahi kugombana na tausi wangu.

## Mwenyeji ni nani?

Maji yakikupwa sana wakati wa bamvua, ukisimama upande wa Daraja la Salenda unaweza kuwaona ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wakitembea taratibu kwenye matope, wakikimbia ghafla na kunyakua kaa. Huzaliana mbali na hapa, kwenye fukwe za Oman, za Ghuba, za Somalia, ambako hutaga ndani ya mashimo wanayochimba mchangani, kisha huja kwetu na kukaa kwa miezi mingi. Nilipowachora, mwenzangu wa banda la jirani aliniuliza kwa nini nimewaweka kwenye safu ya vibao ninayoiita ya wenyeji, ilhali kunguru, aliyezaliwa Kariakoo, na baba yake akazaliwa Kariakoo, nimemtenga.

Jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi: hawa wamekuja kwa mabawa yao, yule alikuja kwa meli. Walikuwa wakija kabla ya bandari, na kaa wa hapa, matope ya hapa na kupwa kwa maji ya hapa vimewazoea. Bado naona jibu hilo ni sahihi, lakini halikuniridhisha kama mchoraji. Hakuna ndege niliyemtazama kwa karibu na kwa muda mrefu kuliko kunguru, kwa kuwa popote nilipokwenda kuwatazama wengine, yeye alikuwapo. Mara kadhaa ndiye aliyeimaliza asubuhi yangu, kwa kutua kwenye mnazi na kuwatawanya minana wote.

Nikamchora. Nilimchora akiwa juu ya kiota cha mnana, mguu mmoja umekanyaga tawi na mwingine umekishika kiota kisikwepe, mdomo umeingia mlangoni. Ni kibao ambacho miguu yake inanifurahisha kuliko yote niliyowahi kuchora. Mwenzangu alikitazama akasema nani ataweka mkosi ukutani kwake. Mzee alikisogeza karibu na uso, akaupapasa mguu ulioshika kiota, akanirudishia bila neno. Nimekitundika pembeni ya tausi, nikakipa bei ileile ya tausi, na mwenzangu anasema hicho ni kiburi. Huenda. Lakini singependa safu ya vibao vya ndege wa Dar es Salaam imwache nje ndege anayeamua wengine wataishi wapi.

Wiki hii naanza dudumizi, na ugumu wake ni wa namna nyingine. Husikika kuliko anavyoonekana. Sauti yake hutoka kichakani ikishuka kwa mfululizo wa vidundo vya chini, wazee wakasema mvua iko njiani, na ukiingia kichakani yeye amekwisha kuhama kwa miguu chini kwa chini. Nimemwona kwa vipande: mgongo wa kahawia nyekundu, mkia mpana mweusi, mara moja mguu, vidole viwili mbele na viwili nyuma, na ukucha mmoja wa nyuma mrefu na ulionyooka. Sitaki kumtoa kichakani ili nimwonyeshe mzima, kwa sababu hakuna mtu anayemjua hivyo. Nakusudia kujaza kibao majani na kumwacha aonekane kwa kadiri nilivyomwona. Mwenzangu ameuliza kama mteja atakubali kulipia majani, na bado tunabishana juu ya bei.